Somo la Jumanne

Kila Jumanne, saa tisa alasiri,
namlipa Bwana Garton pauni thelathini na nane
anikosoe kwa saa nzima.
Hanibembelezi. Hajui mimi ni mzee wa kanisa,
wala hajui kwamba kule Fizi nilikuwa nikikohoa tu
kikao kinatulia.
Anasema: kioo. Anasema: kushoto, kushoto,
kwa kuwa mikono yangu bado inaota barabara za kulia.
Juzi, kwenye kona ya Spring Bank,
alikanyaga breki yake mwenyewe
(gari lile lina breki mbili, ya mwanafunzi na ya mjuzi)
na mama mwenye kigari cha mtoto akapita mbele yetu
bila kujua aliponea wapi.

Nikasema, "Ahsante."
Nikashangaa neno lilivyotoka jepesi,
halikukwama hata kwenye meno.

Maana Mwavita alinikosoa bure.

Ilikuwa baada ya ibada,
katika ukumbi tunaoukodi kwa Wamethodisti,
hita ikigugumia, chai ikipoa.
Alinijia na karatasi iliyokunjwa mara nne.
Nilikuwa nimetangaza madhabahuni
kwamba Wilondja hataimba tena,
kwa kuwa ameukimbia mkesha mara tatu
na aliye vuguvugu asituongozee sauti.
"Mzee," alisema, "hukumuuliza."

Maneno mawili. Niliyahesabu kuwa uasi.
Nikamuuliza ana miaka mingapi.
Nikamuuliza mashahidi wake wako wapi,
maana naijua kwa moyo ile aya inayomkinga mzee
na mashitaka ya mtu mmoja;
ile inayoifuata huwa naipita haraka
kama mlango wa mtu anayenidai.
Karatasi nikaitia mfukoni. Sikuifungua.
Tangu siku hiyo nikawa namsalimu
kwa ncha za vidole.

Wazee wenzangu walinituliza:
"Asukulu, ukubwa ni jaa, kila mtu atatupa chake."
Tukacheka, tukaongeza sukari.

Lakini usiku ule wa Jumanne nilitoa mapipa nje.
Hull ina mapipa matatu, jeusi, la buluu, la kahawia,
na ukichanganya wanakuachia onyo.
Nilisimama mvuani na ndara zangu nikichambua,
chupa huku, maganda kule,
nikawaza: jaa la kwetu halikuchambua kitu.
Nimetupiwa mengi miaka hii.
Yapo ya wivu, nayajua kwa harufu.
Yupo aliyesema nimekula mchango wa mazishi;
sikula, Mungu anajua, na daftari linajua.
Sasa mkono ulikuwa mfukoni ukitafuta funguo
ukakutana na ile karatasi.
Ratiba ya zamu, kiwanda cha kufungasha samaki.
Ijumaa usiku. Ijumaa usiku. Ijumaa usiku.
Mvua ikaanza kuifuta wino
nami nikaikinga kwa kifua, nimechelewa.

Bwana Garton ananizuia nisiue mtu kwa kujiamini,
na namshukuru, na namlipa.
Yule binti naye, ndani ya gari letu lenye watu sitini,
alikanyaga breki ya pili.
Nikamuuliza umri wake.

Jumapili nilisimama. Magoti yalikuwa ya mwanafunzi.
Nikaanza: "Ndugu zangu, kama nilimkosea Wilondja…"
Kimya. Hita. Mtoto akaangusha kijiko.
Kisha, kutoka safu ya nne, Mwavita,
bila kupaza, bila hasira,
kama mtu anayemwonyesha dereva kioo:
"Mzee, toa hiyo 'kama.'"

Wazee wenzangu wakageuka wote kwa pamoja.
Nikameza mate.
Nikaitoa.